Mbege ya Mwarobaini

Jamani, kabla hamjaisikia kwa wengine bora mnisikie mwenyewe, maana ukoo wa mume wangu wana midomo na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake. Ni kweli, mimi ndiye niliyewanywesha watu thelathini na tano mwarobaini siku ya Jumapili, wakiwa na nguo zao za kanisani, nikawaambia ni mbege. Na ni kweli jirani yangu wa chini alioga ndizi. Ila hayo mengine, sijui polisi walikuja, sijui kuna mtu alitundikiwa dripu, hayo ni uongo, msiyaamini.

Mimi ni Mmakua wa Masasi. Kwetu tunajua uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho, mbege, ile pombe ya Wachaga ya ndizi na ulezi, niliiona kwa mara ya kwanza siku ya harusi yangu. Niliolewa na Elia, Mchaga wa Machame, mtu mpole ambaye hajawahi kunidai nijue mambo ya kwao, lakini siku hiyo ya harusi nilimsikia shangazi yake mmoja, Shangazi Ndeshi, akimnong'oneza mwenzake (mnong'ono wa kusikika hadi meza ya keki), “Mtoto mzuri, lakini Mmakua ataijulia wapi mbege?” Mimi nikacheka kama sijasikia. Miaka kumi na moja imepita na lile neno nilikuwa bado ninalo kifuani kama mfupa wa samaki.

Sasa Baba mkwe alishuka Dar kwa ajili ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, jicho la kulia lilikuwa limeshaziba kabisa, akafanyiwa upasuaji hospitali, ukaenda vizuri, akaambiwa abaki mjini wiki kadhaa awe anarudi kuangaliwa. Akakaa kwetu Upanga, ghorofa ya pili, chumba cha mwanetu Neema, tukamhamishia Neema kwetu. Mama mkwe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya hapo, na tangu azikwe Baba alikuwa amepungua, si mwili tu, hata sauti. Ukimuuliza unakula nini anasema “chochote.” Ukimuuliza umelala vizuri anasema “vizuri.” Watoto wake walikuwa wanamletea vitu vingi, juisi za maboksi, mikate ya siagi, mashuka mapya, blanketi (blanketi, Dar es Salaam!), yeye anashukuru, anaviweka kando, anageukia dirishani na jicho lake moja.

Siku moja tunatoka kliniki nikamwambia Baba, tupitie Kariakoo ninunue mboga. Tulipofika kwenye ndizi akasimama. Akaokota ndizi moja iliyoiva hadi ganda limeanza madoadoa meusi, akaipeleka puani, akavuta pumzi, akasema, “Hizi zimefika.” Kisha akairudisha taratibu pale alipoitoa, kama mtu anayemlaza mtoto, akaendelea kutembea. Nilipofika nyumbani nikamuuliza Elia, zimefika wapi? Elia akasema, “Zimefika kupikwa mbege. Mama ndivyo alivyokuwa anasema.”

Hapo ndipo nilipoamua. Uamuzi mdogo tu, jamani, uamuzi wa ndoo moja.

Nikampigia wifi yangu Anaeli, yuko Machame, nikamwambia nifundishe, nataka kumpikia Baba ndoo moja, watu watano sita, Jumapili ijayo tumshukuru Mungu kwa jicho. (Daktari nilishamuuliza, akasema kikombe kimoja hakina neno.) Wifi akafurahi mpaka akalia kidogo, halafu akaanza kunipa vipimo, na vipimo vyote vilikuwa vya pipa, maana kwao hakuna anayepika ndoo. Mikungu mingapi ya ndizi kwa pipa, madebe mangapi ya ulezi kwa pipa. Nikaandika kwenye kipande cha boksi. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu pale Mchikichini ni kupunguza mitumba, mtu analeta suruali ya mzungu wa kilo mia natoa suruali mbili, kwa hiyo hesabu ya kupunguza hainitishi: pipa lita mia mbili, ndoo lita ishirini, gawa kwa kumi, basi. “Na msesewe je?” nikamuuliza. Msesewe ni gome la mti wa kwao, ndilo linaloipa mbege uchungu wake, bila hilo unakunywa uji wa ndizi. Wifi akasema, “Huo nitakutumia kwa basi. Kwa ndoo moja weka kiganja kimoja.”

Likumbukeni hilo neno kiganja.

Siku ileile ya simu, nayo ilikuwa Jumapili, nikaanza. Nililoweka ulezi, nikautandaza juu ya gunia chumbani kwetu, nikaufunika, nikawa naunyunyizia maji asubuhi na jioni mpaka ukaota, nikauanika, nikaupeleka mashineni ukasagwa. Ndizi nilizipika kwa saa nyingi mpaka zikawa nyekundu kama matofali, nyumba nzima ikanukia. Baba alikuwa amekaa sebuleni na bandeji yake jichoni, nikaona ameacha kugeukia dirishani. Amegeukia jikoni. Gome la msesewe likafika kwa basi Jumanne, limefungwa kwenye gazeti, kipande kimoja kipana kama kiganja, na mimi nikajiona nimeshakuwa Mchaga.

Jumatano simu ikaita. Shemeji. “Wifi yako Anaeli kasema unapika mbege! Tunakuja.” Kabla sijakata, mwingine. Halafu mwingine wa Kimara. Halafu Elia akarudi kutoka kazini akasema kwa sauti ya chini ya mtu aliyevunja sahani, “Shangazi Ndeshi anakuja na wenzake wa kikundi chao cha kanisani.” Tukahesabu, tukafika thelathini na tano.

Elia, Mungu ambariki, aliniambia neno la busara ambalo nililitupa palepale. “Mama Neema, ile ndoo moja iwe ya Baba na wazee wawili watatu. Wengine tuwanunulie kreti za soda na bia. Hakuna atakayelalamika.”

“Shangazi Ndeshi aje anywe soda kwangu?” nikamjibu. “Nitapika ndoo tano.”

Kuzidisha kwa tano nako hakunitishi. Ndizi nilipata Kariakoo. Ulezi, bahati nzuri niliuotesha mwingi kwa kuogopa kuharibu, na pengo lililobaki nikaliziba kwa kimea cha kununua cha uji wa togwa. Kikwazo kikawa msesewe. Wifi akasema nyumbani kwake haupo tena, mpaka mtu apande mlimani kukata, na kwa basi hautawahi Jumapili. Ijumaa asubuhi nikaenda kwa muuza dawa za asili Kariakoo, kijana mmoja mwembamba amekaa katikati ya mizizi na vichupa.

“Mambo, dada. Unaumwa nini?”

“Poa. Siumwi, natafuta msesewe.”

“Msesewe hamna. Wa kazi gani?”

“Wa kutia uchungu.”

“Aaa, uchungu?” Akacheka, akatoa mfuko. “Magome ya mwarobaini haya, yameshasagwa. Hakuna uchungu zaidi ya huu Bongo nzima. Ya kuoga au ya kunywa?”

“Ya kunywa.”

“Basi kijiko kidogo kimoja kwa kutwa. Usizidishe.”

Kwa masikio yangu haya mawili nilimsikia. Nikajiambia huyu anazungumzia dawa, mimi nazungumzia pombe, vitu viwili tofauti. Nikalipa nikaondoka.

Nyumbani nikajifungia jikoni na dhamiri yangu. Mpango wangu ulikuwa safi kabisa: ndoo yenye msesewe halisi ni ya Baba na wazee, zile nne za mwarobaini ni za vijana na wale watakaokuja wameshakula na kushiba, ambao ulimi hauna habari. Wifi alisema kiganja kimoja kwa ndoo. Sasa yeye alimaanisha gome pana kama kiganja, unalichemsha kwenye uji wa ulezi halafu unalitoa. Mimi nilikuwa na unga. Nikakunja mkono, nikajaza kiganja kimoja cha unga wa mwarobaini hadi ukatuna kama kichuguu, nikamimina. Ndoo ya pili, kiganja. Ya tatu, kiganja. Ya nne. Na unga, wapendwa, ukishaingia hautoki.

Jumamosi nikachanganya maji ya ndizi na uji wa ulezi, nikaonja ile ya msesewe, na nakwambieni ilikuwa mbege. Tamu kwa mbele, chungu kwa nyuma, ulimi unaitafuta tena. Nilisimama jikoni peke yangu nikatabasamu kama mjinga. Zile nne sikuzionja. Nilijiambia zinahitaji kulala kwanza zitulie (ukweli ni kwamba niliogopa, na mtu akiogopa kuonja alichopika mwenyewe ajue jibu analo tayari).

Kosa la mwisho ndilo hili. Wifi aliniambia nifunike kwa kitambaa. Lakini mchanganyiko ulikuwa umeshaanza kunukia hadi ngazini, vijidudu vile vya ndizi vinazunguka, na chini yetu anakaa Mama Nilesh, mama wa Kihindu, mtu wa sala, nyumbani kwake haiingii nyama wala pombe, na mimi namheshimu sana, aliwahi kunishikia Neema siku tatu nilipolazwa. Sikutaka harufu ya pombe imfuate hadi kwenye sala zake. Kwa hiyo nikahamisha kila kitu kwenye madumu matano, nikayapanga kwenye kibaraza, lile la msesewe nikalifunga uzi mwekundu shingoni nisikosee, na vizibo nikavikaza. Kwa nguvu zangu zote. Machame ni baridi, pombe inaumuka polepole kama mzee anayepanda ngazi. Kibaraza chetu jua linaingia saa nne asubuhi halitoki mpaka magharibi.

Jumapili wakaja. Sebule ikajaa, korido ikajaa, watu wamekaa kwenye mikono ya makochi, Shangazi Ndeshi kitenge kipya na kilemba kama mnara. Baba alikuwa ametolewa bandeji Ijumaa. Alikuwa amevaa koti lake la suti na anaangalia watu usoni mmoja mmoja, kwa jicho lile jipya, kama anawahesabu. Baba mkubwa, kaka yake, akasimama kuomba. Akamshukuru Mungu kwa nuru, kwa madaktari, kwa barabara, kwa dereva wa basi, akafika kwenye “na mkono wa mwanamke huyu uliotuandalia,” na hapo kibaraza kikalia BUU!

Sijui niseme kama nini. Kama tairi la lori. Madirisha yalitikisika. Shemeji yetu mmoja, mtu mzima, mlinzi wa benki, aliingia chini ya meza na sahani yake ya pilau. Baba mkubwa akasema “Amina” haraka sana.

Nikakimbilia kibarazani. Madumu manne yamekaa kimya, mapole kabisa, pengine mwarobaini ulishaua hata kile kinachoumua. Dumu la tano limepasuka ubavu mzima, povu jekundu ukutani, kwenye dari, kwenye nguo za Neema, na lililobaki linatiririka kwa utulivu kupitia tundu la maji kwenda chini. Nikatafuta uzi mwekundu. Nikauona, unaning'inia kwenye shingo ya lile lililopasuka.

Elia akatoka, akaangalia, akanishika bega. “Pole. Si yamebaki manne?”

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, mume wangu yuko mbele yangu, sentensi moja tu: Elia, hayo manne ni mwarobaini. Nikafungua mdomo nikasema, “Ndiyo, yamebaki manne.”

Kwa desturi yao aliyepika anaonja kwanza, mbele ya watu, ili wajue ni salama. Elia akamimina kwenye kata, ule upawa wa kibuyu uliotumwa na wifi pamoja na gome, nikasimama katikati ya sebule na macho sabini yakaniangalia. Nikanywa. Jamani. Kuna uchungu wa ulimi na kuna uchungu unaokwenda hadi nyuma ya masikio. Niliona shule yangu ya msingi. Machozi yalinilenga, nikayarudisha, nikatabasamu, nikasema, “Karibuni.” Na mikono hii ndiyo iliyompelekea Baba kata iliyojaa.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaipeleka mdomoni, na nikaona nyusi zake zikipanda kidogo, kidogo tu, zikashuka. Akanywa. Nikasubiri aitoe mdomoni, hakuitoa. Koo lake lilipanda likashuka, likapanda likashuka, mpaka akaigeuza kata juu chini na halikudondoka tone. Akafuta midomo kwa kitambaa, akanirudishia, akasema, “Aika, mama,” yaani asante kwa kwao.

Sasa mzee wa nyumba akishamaliza, wewe ni nani uache? Kata ikazunguka. Baba mkubwa akanywa, akafumba macho. Mlinzi wa benki akanywa, akaangalia chini ya meza kama anataka kurudi. Shangazi Ndeshi akanywa mafunda mawili, akashusha kata, akatafuta neno kwa muda mrefu, mwisho akalipata: “Ina... nguvu.” Wenzake wa kikundi wakaitikia, “Ina nguvu kweli.” Dumu la kwanza likaisha. Elia naye, ambaye nilimkwepa macho, akamimina la pili.

Hapo mlango ukagongwa. Nikafungua.

Mama Nilesh. Sari yake ya rangi ya maziwa imekuwa na ramani nyekundu kuanzia bega hadi goti, na kwenye nywele zake zile nyeupe, zilizosukwa msuko mmoja, kuna vipande vya ndizi. Nyuma yake harufu ya mbege nzuri, ile halisi, ilimfuata kama manukato. Nikapiga magoti, sikupanga, magoti yenyewe yalikwenda. “Mama Nilesh, nisamehe, nisamehe, nitafua, nitakushonea nyingine...”

“Inuka, inuka,” akasema, “nilikuwa kibarazani naanika papadi za dengu, nikadhani bomba la maji limepasuka.” Akachungulia ndani, akaona watu wote wale, nyuso zimekunjamana, wamekaa kimya kama msibani. Akavuta hewa ya sebule. Akashika kifua. “Mama Neema! Nani mgonjwa?”

“Hakuna mgonjwa, Mama.”

“Basi mbona mwarobaini? Harufu hii naijua, mama yangu alikuwa anatunywesha tukiwa na homa. Mnakunywa wote? Homa gani imeingia?”

Alisema kwa upendo kabisa, kwa sauti ya kuwaonea huruma wagonjwa thelathini na tano. Kisha Shangazi Ndeshi, polepole: “Mwa-ro-ba-i-ni?”

Nikageuka. Nikasema yote, nikiwa bado nimepiga magoti mlangoni, kati ya Mhindu mwenye ndizi kichwani na ukoo mzima wa Wachaga. Msesewe uliokuja wa ndoo moja, muuza dawa, viganja, madumu, uzi mwekundu. Nilikuwa nalia vibaya, kilio kile cha makamasi. Nikamaliza kwa kusema, “Nilitaka muone na mimi naweza.”

Mtu mmoja akaanza kucheka akajizuia. Baba mkubwa akamgeukia Baba, “Na wewe ulijua?”

“Nilijua tangu ilipogusa midomo,” Baba akasema. “Mwarobaini nimeunywa sana utotoni.”

“Sasa ulimalizia nini kata nzima?”

Tangu afike Dar sikuwa nimemsikia Baba akisema sentensi tatu mfululizo. “Tangu mama yenu aondoke, mnaniletea vitu,” akasema. “Mikate. Juisi. Mashuka. Mnapita dukani, mnanikumbuka, asanteni. Huyu hakupita dukani. Nilikuwa nimefungwa jicho, sina kazi, nimekaa pale nikimsikiliza wiki nzima. Anaosha ulezi. Anakoroga. Anaamka kuangalia moto. Nyumba ikanukia kama nyumba yangu.” Akakohoa. “Ningewezaje kumrudishia kata yenye kitu ndani?”

Elia alitoka nje kibarazani akasimama huko mgongo kwetu, na najua alikuwa anafanya nini huko.

Kilichotuokoa ni mwarobaini wenyewe, maana baada ya kama nusu saa ulianza kazi yake matumboni. Choo ni kimoja, watu ni thelathini na tano. Kwanza aliondoka mlinzi wa benki kwa heshima, kisha wa Kimara kwa haraka, kisha foleni ikafika jikoni na watu wakaanza kugonga mlango wa choo wakitaja umri wao. Ndipo kicheko kilipopasuka, kikubwa kuliko dumu. Mama Nilesh, akiwa amejifunga khanga yangu na taulo kichwani, alisimama ngazini akiita, “Wazee shukeni kwangu, choo changu kipo, njooni!” Shangazi Ndeshi alishuka naye wa kwanza, ameshikilia kilemba. Hakurudi kwa saa nzima. Nikashuka kumtafuta kwa hofu, nikamkuta amekaa jikoni kwa Mama Nilesh anakunywa chai ya viungo, wanaonyeshana magoti yanayouma. Aliponiona akasema, “Kaa, mwanangu, unywe kitu cha moto.” Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu. Nikakaa.

Kesho yake, Jumatatu, nilikuwa nasugua dari ya kibaraza Baba akaja akaniuliza, “Uliweka kiasi gani hasa?” Nikamwonyesha kiganja, kimejaa hivi, kimetuna. Baba alicheka mpaka akashika ukuta, mimi namwambia Baba jicho, Baba jicho, yeye anafuta machozi anaangalia kiganja changu anaanza upya. Halafu akanawa mikono, akavuta kigoda, akasema tupike. Wifi akatuma gome jingine. Ikawa wiki nzima ya sisi wawili jikoni, yeye hafundishi kwa maneno, ananishika tu kiwiko nikikoroga haraka, au anasukuma mfuniko kidogo upate pa kupumulia. Na katikati ya kukoroga alinisimulia habari za Mama, alivyokuwa mkali, alivyokuwa anaimba vibaya kanisani, na jinsi alivyomkataa mara mbili kabla ya kumkubali. Elia mwenyewe hakuwa anazijua. Siku mbili kabla hajasafiri tukainywa, mimi, yeye na Elia, kikombe kikombe, dirisha likiwa wazi. Ilikuwa nzuri? Ilikuwa nzuri kiasi. Baba alisema ndizi zingekaa siku moja zaidi.

Basi hayo ndiyo yaliyonipata. Watu wanadhani nimejifunza nisichezee mwarobaini, na kweli, hata mti wake nikiuona njiani napita upande wa pili. Lakini kinachoniuma ni kingine. Mzee alihitaji kikombe kimoja, na mpaka Jumatano nilikuwa nampikia yeye. Kuanzia Jumatano nilikuwa nalipikia lile neno la Shangazi Ndeshi la siku ya harusi, lita mia moja nzima, na ile ndoo moja ya upendo nikaikaza kizibo nikaisahau juani. Siku hizi wakinipigia kusema tunakuja wengi, nawaambia karibuni sana, soda zipo dukani, kila mtu apitie na yake.